Kuku Walioacha Kunikimbia

Mimi si mtu wa kuogopa kuku. Nimezaliwa kijijini Kilema, kule Moshi, nimelala chumba kimoja na kuku mpaka nilipopelekwa bweni, na kama kuna mnyama ninayemfahamu kuanzia yai mpaka mchuzi ni huyo. Kwa hiyo nikisema kwamba kuku wa kituoni waliniogopesha, mtu asinicheke kabla sijamaliza. Kazi ya miaka mitano ya binti mmoja ninayempenda ilikuwa mikononi mwao, na aliyeiweka humo ni mimi.

Nilianza kazi pale mwaka 2003. Kituo kiko kaskazini kabisa mwa Toronto, mahali basi linapogeuzia na kurudi mjini, na chuo kikuu kimoja hufugia pale wanyama wa utafiti. Mume wangu Godson alinitania wiki nzima. Alisema nimesomea ualimu, nimepanda ndege mbili, nimeishi kwenye baridi inayokausha masikio, na yote hayo ili nikafagie mavi ya kuku. Nilimjibu kwamba kuku angalau hawaji na wazazi wao kulalamika kuhusu alama.

Waliniambia ni kuku wa mwituni, nikategemea kanga. Nilichokuta ni kuku. Wadogo, wembamba, jogoo mwekundu mwenye shingo ya dhahabu na mkia mweusi mrefu, majike rangi ya majani makavu. Profesa mzee aliyekuwa na dhamana yao aliwaleta yeye mwenyewe, wakiwa mayai, kutoka msitu mmoja wa kaskazini mwa India mwaka 1965, na tangu siku hiyo hawakuwahi kuchanganywa na kuku wa nyumbani. Aliniambia kwamba kuku wote duniani, hata wale wa mama yangu Kilema, wametokana na ndege kama hawa, lakini huko misituni kwenyewe damu ya kuku wa nyumbani inawaingia kila mwaka, kijiji hata kijiji, na waliobaki safi ni wachache sana. Ndiyo maana mabanda yake yalikuwa na milango miwili na kufuli mbili.

Alinifundisha jinsi ya kumtambua aliye safi. Jogoo wake hunyonyoka shingo kila kiangazi, ile dhahabu inaondoka, yanaota manyoya meusi, naye ananyamaza kimya mpaka baridi irudi. Jike wake hutaga majira ya kuchipua tu. Na jogoo akiwika, sauti inakatwa mwishoni ghafla, haina ule mkia mrefu tuliouzoea sisi. Mara ya kwanza kuisikia niligeuka kuona nani amemziba mdomo.

Jambo la nne hakuhitaji kunifundisha. Kuku wale walikuwa na woga wa ajabu. Miaka mitatu niliwalisha kwa mkono huu, na kila asubuhi nilipofungua mlango walijirusha kwenye wavu kwa kishindo, wakapandana kwenye kona ya mbali, wakanitazama vifua vikipanda na kushuka. Hawakunizoea hata siku moja. Profesa alisema hawazoei, na kwamba siku nikiona wamezoea, nijue si wenyewe. Mwaka 2005 alistaafu akaniachia daftari la mabanda, na mimi nikajiona mtu mkubwa.

Mwaka uliofuata tulikuwa na ubatizo wa binti yetu Brightness, Jumapili ya Pasaka. Nilitaka kuku wa kienyeji. Si wale wa dukani wanaoyeyuka kwenye sufuria, nilitaka kuku mwenye mifupa. Mzee mmoja mkulima nje ya mji alikuwa akiuza siku ya Alhamisi tu, na hiyo ilikuwa Alhamisi Kuu. Nilichagua majike manne, akanichinjia na kuninyonyolea papo hapo kwa ajili ya supu ya nyumbani kwetu. Halafu nikaona jogoo mmoja mwekundu, mrefu, mwenye jicho la kiburi. Huyo nilimtaka kwa ajili ya pilau la wageni, na huyo sikukubali achinjwe na mzee.

Wasiotoka kwetu hawataelewa. Moshi, Mkristo akiwa na wageni Waislamu hachinji mwenyewe. Anamwita jirani Mwislamu achinje, ili sinia moja litoshe watu wote na asiwepo mgeni wa kulishwa mayai ya kuchemsha pembeni. Wageni wetu wakubwa walikuwa Bwana Mohamedtaki na familia yake. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Moshi mjini, na yeye mwenyewe, pamoja na kuwa mhasibu wa North York huku Toronto mwenye tai na gari safi, bado anaweza kunisalimu kwa Kichagga na kunikasirisha kwa Kichagga. Nilimpigia simu. Alikuwa Ottawa kikazi, angerudi Jumamosi asubuhi. Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu, na Ijumaa Kuu kwetu hakuna anayemwaga damu hata angekuwepo. Kwa hiyo jogoo ilibidi alale mahali siku mbili.

Nyumbani haiwezekani. Tulikaa kwenye fleti Lawrence Heights, na jiji lilikataza kuku majumbani. Jogoo akiwika saa kumi alfajiri ukutani mwa jirani, saa moja una barua ya mwenye nyumba. Lakini mimi nilikuwa na funguo za mabanda kumi na mawili, na banda la saba lilikuwa tupu.

Nilimpeleka jioni ile ile ndani ya boksi la ndizi. Nilimfunga kamba mguuni na kuifunga kwenye nguzo. Wahenga walishasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi methali hiyo naijua tangu utoto. Ila Ijumaa nilipopita kumpa maji nilimkuta amejizungushia kamba mpaka mguu umevimba, nikamwonea huruma siku ya mateso ya Bwana, nikamfungua.

Jumamosi asubuhi alikuwa banda la nane.

Kati ya mabanda yale mawili kulikuwa na kijilango cha chini, na komeo lake lilikuwa limechakaa. Banda la nane lilikuwa na majike sita, jogoo wao alikuwa ametengwa kwa kidonda. Nilimkuta mgeni wangu amesimama katikati yao, ametuna, anawika kwa ule mkia mrefu wa sauti, na majike wamemzunguka. Hawakukimbia niliposogea. Nilimkamata, nikamrudisha kwenye boksi, nikakaza komeo kwa waya, na saa nne Bwana Mohamedtaki alimchinja gereji kwake, amemwelekeza kibla, kisu kimoja tu. Pilau lilisifiwa.

Nilijua nilichopaswa kufanya. Jike akishapandwa, mbegu hukaa tumboni wiki mbili na zaidi. Nilikusanya mayai yote ya banda la nane kwa mwezi mzima nikayatupa, na kwenye daftari nikaandika kwamba hawakutaga. Lakini kuku-mwitu anajua kuficha. Siku moja ya mwezi wa tano jike mmoja alitoka nyuma ya magogo akiwa na vifaranga watano. Nilisimama pale na ndoo, nikawatazama. Wazuri, rangi ile ile, mistari ile ile mgongoni. Ningewaua siku hiyo yote yangekwisha. Sikuwaua. Niliwaandika kwenye daftari kama vifaranga wengine, kwa namba, na jogoo mwenye kidonda nikamwandika baba.

Sasa nianze kusema yaliyoniogopesha.

Kiangazi cha mwaka 2007, mwezi wa saba, majogoo wote walikuwa wameshanyonyoka shingo. Weusi, wanyonge, kimya. Miezi ile mabanda yalikuwa kimya mpaka nilikuwa nasikia viatu vyangu. Nikiwa napima chakula, jogoo akawika. Aliwika na kuvuta, akavuta, mpaka pumzi ikaisha. Niliijua sauti ile. Nilikuwa nimeisikia Jumamosi Kuu na mwenye sauti nilikuwa nimeshamla. Nilipita banda hadi banda nikitafuta shingo ya dhahabu ambayo haikunyonyoka. Haikuwepo. Wote walikuwa weusi, wote wamefunga midomo, wote wananitazama.

Januari iliyofuata nilikuta yai. Theluji imefika kwenye madirisha, majike hawana sababu ya kutaga mpaka mwezi wa tatu, na yai liko katikati ya sakafu, si kwenye kiota, mahali nisipoweza kulikosa. Lilikuwa bado na joto. Nililiweka mfukoni na sikuliandika.

Kila mwaka kulikuwa na kitu. Mayai ya baridi yakawa mawili, yakawa kumi. Ule mkia wa sauti nikausikia banda la tatu, halafu la kumi, kwa maana tulikuwa tunahamisha majogoo kutoka banda hadi banda ili ndugu wasizaane, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nawabeba. Nilijiambia uzee unawabadilisha, hewa ya Kanada inawabadilisha. Godson nilimweleza mara moja tu. Alicheka, halafu akaona uso wangu akaacha.

Kilichonimaliza ni woga wao ulipoondoka. Haukuondoka kwa kelele. Asubuhi moja ya mwaka 2011 nilifungua banda la nane na hakuna aliyejirusha. Walikaa walipo. Kesho yake mmoja alisogea hatua mbili. Ukiwa na kuku wa kawaida hilo ni jambo la kufurahisha, lakini mimi nilikuwa nimekaa nao miaka minane wakinikimbia, na nilishajua kwamba wakinikimbia mambo yako salama. Baada ya muda nikawakuta mlangoni. Wamesimama mstari, hawalii, wanangoja. Mwenzangu wa zamu ya wikiendi, mama mmoja wa Ufilipino, nilimwuliza kama kwake wanasimama vile. Alisema kwake hawasimami, ila siku zangu wanaanza kusogea mlangoni kabla basi langu halijafika, amewaona kwenye picha za kamera za katikati ya wiki.

Siku moja nilikuwa na kizunguzungu, nikageuza ndoo nikaikalia. Bila kufikiri nikapiga ulimi, kama mama alivyokuwa akipiga kuita kuku wetu jioni. Hakuna mtu aliyewahi kuwapigia ulimi kuku wale, wala mama zao, wala bibi zao waliotoka msituni. Walinijia wote. Jike mmoja akapanda mapajani akakaa. Alikuwa mwepesi na wa moto, na moyo wake ulikuwa unapiga polepole. Mimi wangu ulikuwa unakimbia. Sikuwahi tena kupiga ulimi ndani ya banda.

Qurratulain alikuja mwaka 2014. Ni binti wa Bwana Mohamedtaki, na alikuja pale kwa ajili yangu, kwa sababu tangu shule ya sekondari alikuwa ananisikia nikisimulia habari za ndege waliokuwa mababu wa kuku wote. Mtoto wa Toronto yule. Kiswahili anakisikia chote, hata matusi, lakini ukimwuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, na ananiita Anti Asumpta kwa adabu ambayo binti yangu mwenyewe hana. Alikuwa ameanza masomo ya uzamivu na swali lake lilikuwa moja: woga wa kuku-mwitu kwa binadamu unakaa wapi ndani ya damu yake, na kuku wa nyumbani aliupotezea wapi. Kwa swali hilo alihitaji kuku walio safi. Msimamizi wake alimwambia waliopo pale ni katika wachache walio safi Amerika nzima.

Ningemwambia siku ile. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na nafasi, tulikuwa tunakunywa chai. Badala yake nikamwonyesha zinapokaa glavu.

Alifanya kazi miaka mitano. Alitoa damu, alipima mapigo ya moyo, alirekodi kila hatua waliyopiga. Nilimwona akikonda. Kila mwaka aliniuliza kwa nini kuku hawa wametulia kuliko maelezo ya profesa mzee, na kila mwaka nilimjibu kwamba labda profesa alikuwa na sura mbaya. Alicheka. Kesho yake nilikuwa narudia yale yale kichwani, namba na sauti na mayai, nikisubiri aone mwenyewe ili nisilazimike kusema.

Mwezi wa pili mwaka 2019 majibu ya vinasaba yalirudi. Kuku arobaini na mmoja, thelathini na wawili wana damu ya kuku wa nyumbani, tisa tu ni safi. Alikuja ghalani nilikokuwa napima mtama, akakaa juu ya gunia, akaniambia yote kwa sauti ya chini. Hakulia. Alikuwa ameshatafuta maelezo: damu ile iliingia kule kule msituni kabla ya mwaka 1965, kwa hiyo hata mayai ya profesa hayakuwa safi. Angesimama mbele ya watahini mwezi wa sita na kusema hivyo, kwamba msitu ule ulishachanganyika zamani. Hilo lingemponya kidogo. Wengine wangemsoma, wangemwamini, na wale wanaoulinda msitu ule wangeambiwa hakuna cha kulinda.

Nilinyamaza wiki mbili. Nilikwenda kanisani mara tatu. Godson alinikumbusha kwamba mficha uchi hazai, nikamwambia uzazi wangu umeshapita. Halafu nikamwita Qurratulain ghalani.

"Si msituni," nilimwambia. "Ni hapa. Ni mimi."

Nilimweleza Alhamisi Kuu, boksi la ndizi, kamba, kijilango, vifaranga watano, daftari. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Aliuliza tarehe, nikamtajia. Aliuliza jogoo alikuwa wa namna gani, nikamweleza. Aliuliza nani alimchinja.

"Baba yako."

Yeye alikuwa na miaka kumi na mitano siku ya ubatizo ule, alivaa baibui jipya la bluu, nakumbuka. Nikamwona anakumbuka na yeye.

"Na mimi nilikula?" aliuliza, kwa Kiswahili.

"Paja," nilisema. "Na ukaomba la pili."

Nilitaka anitukane. Ningeweza kuyabeba matusi. Alisimama, akazunguka ghala mara mbili, na aliporudi macho yake yalikuwa yamewaka kwa kitu kingine. Alirudi kwenye Kiingereza chake, haraka haraka, akihesabu kwa vidole. Jogoo mmoja. Siku inayojulikana. Hakuna mtu popote mwenye kitu kama hicho. Na wale tisa safi wameanguliwa banda moja na wale thelathini na wawili, wamekula mtama mmoja, wamelelewa na mkono mmoja. Kama machotara wananijia mimi na wale tisa bado wananikimbia, basi woga uko kwenye damu, na yeye ameuonyesha kuliko mtu mwingine yeyote. Kazi yake haikufa. Ilikuwa imepata miguu.

Msimamizi alikasirika kwanza. Mimi niliandikiwa barua ambayo sitaisema hapa, nikaruhusiwa kubaki mpaka mwisho wa jaribio kwa sababu bila mimi hakuna jaribio. Sharti la msimamizi lilikuwa wazi. Wale tisa wakimkimbia mtunzaji wao, tasnifu inasimama na kundi linabaki. Wasipokimbia, hakuna tofauti ya kuandika, chuo hakina nafasi ya kufuga kuku wa kawaida, wote arobaini na mmoja wanaondolewa na Qurratulain anaanza upya au anaacha. Alishanidokeza kwamba hana nguvu ya kuanza upya. Baba yake alikuwa ameshaanza kumtafutia kazi ya benki.

Kundini walikuwa wakifuata wenzao tu, kwa hiyo tuliwatenga wale tisa wiki tatu, chakula kikipita kwenye tundu la ukutani, wasione mtu. Kwanza aliingia mgeni, karani wa ofisi ya mbele ambaye hajawahi kushika kuku. Walijirusha kwenye wavu, wakapandana konani. Nilisikia kishindo kile nilichokikosa miaka mingi, na machozi yakanitoka. Qurratulain alinikumbatia. Lakini mgeni hata kuku wa Kilema humkimbia. Jibu lilikuwa kwangu mimi, niliyewalisha tangu wakiwa vifaranga.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa tano, jua lipo. Nilipewa maagizo: niingie, nisimame kwenye alama ya utepe karibu na mlango, mikono chini, nisiseme neno, dakika kumi. Kamera ilikuwa juu ya mlango. Qurratulain alikuwa nyuma ya kioo na karatasi zake.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeshaamua kumsaidia. Sisemi nilifanya vizuri. Nyuma ya mlango, mahali kamera isipofika, niliacha ndoo ya bati. Wakisita tu kukimbia, ningeipiga teke kwa kisigino, na kuku yeyote aliye hai angeruka mpaka dari. Nilishadanganya daftari kwa ajili yangu. Niliona si dhambi kubwa kudanganya kamera kwa ajili yake.

Niliingia. Walikuwa ukuta wa mbali, majogoo watatu, majike sita. Waliinua vichwa. Sikuona mmoja wao akijirusha. Nikasimama kwenye utepe.

Jike wa kwanza akaweka mguu mbele. Akasimama, akaweka mwingine. Nyuma yake wengine wakaanza kutembea, hawaharakishi, hawadonoi njiani. Damu yao ilikuwa safi, mashine ilisema. Nani aliwafundisha? Waliatamiwa na majike wa uzao wa yule jogoo, walikaa chini ya mabawa yao, na labda huko ndiko walikoambiwa kitu ambacho hakipo kwenye damu. Sijui. Wakati ule sikuwaza hayo. Nilikuwa nawaza benki.

Nikapiga ndoo teke. Ilipiga ukuta, ikabingirika, ikalia chumba kizima. Kuku tisa waligeuza vichwa wakaitazama ndoo mpaka ilipotulia. Halafu wakageuza vichwa wakanitazama mimi.

"Kimbieni," niliwaambia, chinichini, midomo ikifunguka kidogo tu.

Walikuwa miguuni pangu sasa. Jogoo mmoja alikanyaga kiatu changu, nikasikia kucha zake kupitia ngozi. Niliinua mikono yote miwili, nikasahau kamera, nikasahau alama, nikapiga kelele ambayo sijawahi kumpigia mtu wala mnyama. Niliwatukana kwa Kichagga. Nilikanyaga sakafu. Niliwaomba.

Mmoja mmoja wakakunja miguu, wakakaa chini kunizunguka, wakafumba macho.

Nyuma ya kioo Qurratulain alizikunja karatasi zake bila kuandika, akazima kamera.